Gari Imekufa Changamwe, Fundi Yuko Nairobi: Hiyo Safari Inakula Nani?

Umeona hilo tangazo. Demio ama Vitz, picha tatu za haraka, yadi ya vumbi huko Changamwe, bei ya kutupa, na chini kabisa maneno manne: "Haiwaki, ni betri tu." Wewe uko Umoja ama Nakuru, ushapiga hesabu kwa kichwa, unaona hapa kuna ndae kwa bei ya boda.

Kabla utume hata soo, wacha tuongee. Gari isiyotembea ikiwa Mombasa na wewe uko kilomita kama 480 huko juu, hiyo si gari tena msee. Ni mzigo. Na mzigo una bei yake, sheria zake na watu wake.

Anza na swali ambalo wengi hawaulizi: ilikufaje? Gari nyingi za mtumba zinaingia Kenya kwa meli za kubeba magari. Zinaendeshwa ndani huko Japani, zinaendeshwa nje hapa Kilindini. Sheria ya Kenya inataka gari ya chini ya miaka 8, na kutoka nchi kama Japani, Falme za Kiarabu na Uingereza lazima ikaguliwe na ipate cheti cha kuonyesha inafaa barabarani kabla ipande meli. Gari iliyokufa haipati cheti hicho. Kwa hivyo kama ni gari mpya bandarini na mtu anakuambia haiwaki, jua ilitoka kwao ikiwaka. Ilikufia baharini ama ilikufia yadi.

Baharini ni kitu kidogo. Wiki kadhaa bila kuwashwa, betri inalala, inachapwa jampa, inaamka. Yadi ndio noma.

Mwenye gari anaagiza, doo ya ushuru inakosa, gari inakaa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa siku 21 kuandikisha mzigo wake tangu meli ianze kushusha. Zikipita, mzigo unaweza kupelekwa ghala la forodha, jina lake litangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na akikaa siku 30 bila kuuondoa, unaenda mnada wa KRA. Hapo katikati ada ya yadi inahesabika kila kukicha, na upepo wa chumvi wa Mombasa hauchukui likizo. Gari iliyokaa mwaka pale haina shida ya betri peke yake. Tairi zimekauka, breki zimeshika kutu, mpira wa mlango umepasuka, na wakati mwingine lile kasha dogo la kompyuta ya injini halipo. Hilo likikosekana, hata ulete betri mpya ya lori haiwaki.

Mnada unauza "kama ilivyo, pale ilipo". Kampuni za bima zikiuza gari zilizopata ajali zinatumia lugha hiyohiyo. Maneno hayo manne ndio mkataba wote. "Kama ilivyo" maana yake usilie baadaye. "Pale ilipo" maana yake kuitoa ni juu yako, na ukichelewa unalipia kukaa kwake. Ile bei tamu uliyoona haina hata senti ya safari ndani yake.

Sasa safari yenyewe. Kuna msee atakuambia, "Leta kamba, tunaivuta na Probox usiku barabara ikiwa poa." Kataa. Si uoga, ni ufundi. Injini ikizima, ule msaada wa breki unaisha ukikanyaga mara moja mbili, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Ufunguo usipokuwa umezungushwa kidogo, usukani unajifunga kabisa, na kona ya Mazeras haitakusubiri uufungue. Halafu hiyo ni barabara ya malori, na usiku lori halioni kamba.

Hata ukifika salama, giaboksi inaweza kuwa imeenda. Gari nyingi za hapa ni za oto, na kwenye oto pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini imezima, magurudumu yanayosukuma gari yako chini yanazunguka, gia ndani zinasagana kavu. Mtaa mmoja itavumilia. Mpaka Voi, sidhani. Demio, Vitz na Note za kawaida zinavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo mbele ndiko kunainuliwa. Mark X inasukumwa na ya nyuma. Subaru ya magurudumu manne hutakiwi kuacha hata moja chini, na gari za haibridi kama Aqua na Prius pia zipande zote juu. Kwa umbali wa Mombasa hadi Nairobi jibu ni moja kwa gari zote: brekdauni ya kitanda, ama karia, ama ndani ya lori lenye winchi na watu wanaojua kufunga mikanda kwenye magurudumu badala ya kwenye bampa.

Bei je? Sikupi namba, kwa sababu inapanda na kushuka na dizeli. Lakini nakupa siri ambayo madereva wa Miritini wanaijua vizuri. Mzigo wa Kenya unapanda zaidi ya unavyoshuka. Malori yanaondoka bandarini yamejaa, mengi yanarudi matupu. Ukitaka kupeleka gari mbovu kutoka Nairobi kuja Kisauni, una nguvu ya kubishana, maana dereva alikuwa anarudi bure. Ukitaka kuipandisha, unashindania nafasi na mzigo wenye haraka na wenye pesa. Kama hauna presha, uliza karia inayopeleka magari ya mtumba juu kama imebaki na nafasi moja. Ukiwa na presha, utalipa lori zima.

Na usisahau kilomita za kwanza, zile za hapahapa mtaani. Gari ikiwa Likoni na unaipeleka Kisauni, kwa macho ni karibu. Kihalisi ni feri, kisiwa, halafu daraja la Nyali. Lile daraja linaloelea la Liwatoni lilijengwa kwa watu wa miguu, usijidanganye. Kwenye feri, maji yakipwa, ule mteremko wa kuingilia unakuwa mkali na gari ya chini inakwaruza tumbo. Tangu 29 Septemba 2019, gari iliporudi nyuma ikatumbukia kutoka MV Harambee na mama na mtoto wake wakafa, hakuna mtu wa Likoni anayefanya mzaha na breki ya mkono pale. Gari iliyokufa, inayosukumwa na vijana wanne kuingia feri, mimi siitaki mbele yangu wala nyuma yangu. Iweke juu ya brekdauni, na kama inatoka Kusini kwenda Nairobi, pitia Dongo Kundu. Hiyo barabara inatokea Miritini moja kwa moja bila kugusa feri wala kisiwa. Kwa watu wa Likoni na Kwale wenye mizigo mibovu, naona ndicho kitu kikubwa wamepata miaka hii.

Lakini hata na barabara mpya, kuna kitu bado hakijakaa sawa. Ukipata ajali Changamwe usiku, brekdauni inafika hata kabla hujampigia ndugu yako. Nani aliita? Hujui. Bei unaambiwa gari ikiwa tayari juu, na kuishusha pia ni pesa. Nauli za feri zimebandikwa ukutani kila mtu anazisoma. Za brekdauni ziko kwa kichwa cha dereva. Serikali ikiweza kubandika moja inaweza kubandika nyingine, na sioni kwa nini kaunti na NTSA wasilazimishe kila brekdauni iandike ada yake mlangoni, kwa kilomita, kama bado gari iko chini. Wenye brekdauni watasema kila ajali ni tofauti. Sawa, kung'oa gari mtaroni ni tofauti. Kilomita ni kilomita.

Upande wa nani analipa ikiharibikia njiani, soma kikaratasi unachopewa. Wengi wanaandika "kwa hatari ya mwenyewe" kwa herufi za sisimizi. Uliza kama lori lina bima ya mzigo, si bima ya lori. Bima yako kubwa inaweza kuwa na kiasi cha kuvutwa, lakini ile ya kulinda wengine tu, ambayo vijana wengi ndio tunakata, haikusaidii hapa.

Kwa hivyo kabla utume pesa kwa yule wa tangazo, fanya haya. Tuma fundi unayemjua aende na betri yake na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Aangalie namba ya chasisi na ya injini kama zinalingana na karatasi. Kama ilipata ajali, uliza kuhusu ukaguzi wa NTSA, kituo kiko palepale Miritini. Piga picha pande zote nne, ndani, chini ya boneti na kilomita za dashibodi, gari ikiwa chini na tena ikiwa juu ya lori, namba ya lori ionekane. Toa redio na spea taya. Lipa nusu ikipanda, nusu ikishuka, na anayetaka yote kabla hujaona lori, mwache aende.

Halafu ongeza hiyo nauli kwenye bei ya Demio. Kuna moja kule Umoja inauzwa na mwenyewe, inawaka.