Ngalawa na Zamu ya Maji

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa Kikatiti ukakua ukiutazama Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, huenda ukauliza ngalawa inakuhusu nini. Inakuhusu. Vijana wetu hupangiwa kazi za ualimu na uuguzi Mafia na Kilwa, nasi wazazi huwafuata kuwajulia hali. Yafaa basi tufahamu kwamba bahari, kama mfereji wa shambani, ina zamu yake.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia meta 4.

Ngalawa iliumbwa kwa hali hiyo. Ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye matengo mawili, kulia na kushoto, yaizuiayo isipinduke. Huelea katika maji ya magotini, na maji yakikauka hukaa juu ya mchanga bila kulala ubavu. Zile meli za kasi ziendazo Unguja, zenye miili miwili, huitwa katamarani. Jina hilo limetoka katika Kitamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja.

Kazi kubwa ni kutia nanga. Ukiitia maji yakiwa yamekupwa, kwa kamba fupi, yakijaa huing'oa na chombo huchukuliwa na mkondo. Ukiitia maji yakiwa yamejaa, juu ya matumbawe usiyoyaona, baada ya saa sita chombo hukalia mawe na kutoboka. Kwa hiyo nahodha hodari hupima kina cha maji yatakapojaa, kisha huachia kamba mara tano au zaidi ya kina hicho. Msimu wa kusi hujikinga upande wa kaskazini wa kisiwa. Hupenda pia kuingia jua likiwa juu, ili aone rangi: buluu ni kilindi, kijani ni mchanga, hudhurungi ni mwamba. Huko Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, nanga haifai kutupwa juu ya matumbawe hata kidogo, maana ndiyo makao ya samaki.

Sasa sisi abiria wa bara. Anayekosa basi hapa Kikatiti husubiri kidogo akapanda jingine. Anayekosa maji hungoja saa nyingi. Hapo ndipo tunapoanza kumhimiza nahodha avuke fungu, ati ruhusa inakwisha kesho. Nahodha akisema tungoje, tungoje. Na mtoto avalishwe boya, lifungwe barabara, tangu anapopanda hadi anaposhuka, hata kama anaona mchanga chini ya chombo.