Aliyeulizwa Ana Haki ya Kujibiwa
MIZANI YA JUMA, na Yusufu Wamono

Mji wetu wa Mbale, ambao zamani ulisifika kwa kahawa ya Bugisu na kwa usafi wa barabara zake, leo umekuwa pia mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kiislamu kiliasisiwa hapa mwaka 1988, na Chuo Kikuu cha Busitema kikafungua kitivo chake cha elimu ya afya mwaka 2013. Ndiyo maana kila mwaka vijana wanaokaribia kuhitimu hutoka na barua ya utambulisho mkononi na bunda la hojaji kwapani, wakawaendea watu walio rahisi kupatikana kwa pamoja, yaani wanachama wa vyama vya taaluma: walimu walio katika chama chao cha taifa, UNATU, na wauguzi, wakunga, matabibu na mawakili katika vyama vyao. Basi mwalimu wa hapa aweza kuulizwa mwaka huu kama ameridhika na mshahara wake, mwakani akaulizwa yayo hayo na kijana mwingine, na mwaka wa tatu vivyo hivyo, wala asipate kusikia hata mara moja wenzake walijibu nini na majibu yao yalifika wapi. Hiyo ni dhuluma, japo ndogo machoni pa wengi, na ikikaririwa miaka mingi itawafanya watu wawakimbie wenye elimu.

Sisemi kwamba utafiti uzuiwe, hasha. Cyril na Rhona Sofer waliuchunguza mji wa Jinja katika siku zile ambapo bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa likiugeuza kutoka hali moja hadi nyingine, na kitabu chao kikachapishwa mwaka 1955. Lau wenyeji wa Jinja, Waafrika na Wahindi na Wazungu, wangalikataa kuulizwa na kuhesabiwa, sehemu kubwa ya habari za maisha yao ingalipotea pamoja nao. Na hapa Mbale hospitali yetu kuu ilikuwa miongoni mwa hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki katika utafiti uitwao FEAST, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Watoto 3,141 waliokuwa mahututi kwa homa waliingizwa katika utafiti huo, ikabainika kwamba katika kila 100 waliotiwa maji mengi mishipani kwa haraka, kama ilivyodhaniwa kuwa ndiyo tiba, walikufa kiasi cha 10 au 11 ndani ya saa 48, ilhali katika wale wasiotiwa kwa haraka walikufa kiasi cha 7. Waliouliza swali lile walikuwa tayari kuambiwa kwamba dhana iliyoenea ilikuwa batili, na jibu lilipopatikana halikufichwa, bali lilitangazwa ulimwenguni ili waganga wajihadhari.

Kwa mizani hiyo hiyo nazipima hojaji za wanafunzi wetu, nami naziona aghalabu zimepungua. Swali lenye uhai ni lile ambalo muulizaji hajui jibu lake, ila kijana anayewauliza walimu kama mshahara mdogo huwavunja moyo, akawapa ngazi tano za kukubali na kukataa alizoziasisi Rensis Likert mwaka 1932, hatafuti elimu bali anatafuta muhuri wa kutia juu ya jambo analolijua. Fauka ya hayo, vijana wamefundishwa kulitegemea jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo husema kwamba kwa watu 300 yapaswa kuchagua 169, na kwa watu 1,000 yapaswa 278. Jedwali si baya, lakini lina sharti, nalo ni kwamba wachaguliwao watolewe kwa kura katika orodha kamili. Mtu hawezi kuhudhuria mkutano wa chama, akawagawia hojaji wale waliowahi viti vya mbele, kisha akadai kwamba amewasikia wanachama wote, ilhali mwalimu wa shule ya mbali huko mlimani, asiye na nauli ya kushuka mjini, hakuulizwa kabisa. Gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi zipatazo milioni 10 mwaka 1936, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais, na Roosevelt akashinda kwa kishindo. Wingi wa karatasi haukulifaa kitu, kwa kuwa wengi wa walioulizwa walitolewa katika orodha za wenye simu na magari, na waliojibu walikuwa wachache miongoni mwao.

Katika hesabu hizo ndimo hadaa hujipenyeza. Kijana akitakiwa hojaji 169, naye akarudishiwa 90, hushawishika kukaa usiku na kuzijaza zilizobaki kwa mkono wake. Nawasihi vijana wetu, kwa mapenzi ya mzazi kwa wanawe, wasifanye hivyo abadani. Hojaji 90 za kweli, zikiandikwa kuwa ni 90, zikafuatana na maelezo ya nani hakujibu na kwa sababu gani, ni elimu; na 169 zilizochanganywa na uongo ni batili hata zile za kweli zilizomo ndani yake.

Halafu liko suala la ridhaa. Mwaka 2022 serikali ilipowapandishia mshahara walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ikawaacha wenzao wa masomo ya sanaa, UNATU iliitisha mgomo mwezi wa Juni, na neno mshahara likawa moto katika kila chumba cha walimu. Je, katika hali kama hiyo, mwalimu aliyekabidhiwa hojaji na mkuu wake wa shule, ambaye ndiye atakayeikusanya jioni, ana uhuru gani wa kusema yaliyo moyoni? Ridhaa inayotolewa mbele ya mkubwa ina harufu ya ikrahi. Kadhalika mwenyekiti wa chama anayempa mwanafunzi orodha ya wanachama na namba zao za simu, bila ya kuwauliza wenyewe, anatoa amana isiyo yake. Na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha imeifanya ridhaa ya mwenye habari kuwa msingi wa kuzikusanya na kuzitumia.

Nini basi kifanyike? Rai yangu ni kwamba kila chama cha taaluma katika Mbale na Jinja kiteue watu watatu au wanne wa kuwapokea watafiti. Watu hao watazame kama kijana amepata idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, wamwonyeshe tasnifu zilizokwisha kuandikwa juu ya wanachama wao ili asirudie yaliyokwisha kuulizwa, wamwambie pia ni mambo gani wanachama wenyewe wanatamani yachunguzwe, kisha wapeleke mwaliko wao wenyewe kwa wanachama, ili atakaye ajibu na asiyetaka anyamaze pasipo kujulikana. Mwisho wamtake ahadi ya maandishi kwamba akimaliza ataleta muhtasari wa ukurasa mmoja, kwa lugha nyepesi, usomwe katika mkutano mkuu wa chama. Idara ya chuo ambayo wanafunzi wake hawatimizi ahadi hiyo, barua zake za utambulisho zisipokewe tena hadi deni lilipwe.

Najua yuko atakayesema kwamba vyama vitautumia mlango huo kuwafungia nje watafiti wenye maswali machungu, hasa yahusuyo uongozi na fedha za michango. Hofu hiyo ina haki, na kwa ajili yake nasema kwamba kamati ya chama isipewe mamlaka ya kuyakagua matokeo wala kufuta neno hata moja. Kazi yake iwe kuhakikisha tu kwamba wanachama wameulizwa kwa heshima na kwamba majibu yamerudi. Atasema mwingine kwamba wanafunzi ni maskini na muda wao ni mfupi. Ni kweli, lakini ukurasa mmoja haumshindi mtu aliyeandika kurasa themanini. Na wasimamizi wakiuhesabu ukurasa huo kuwa sehemu ya kazi inayopewa alama, hautachelewa kuandikwa.

Muuguzi aliyekesha wodini, akaiacha saa yake ya kupumzika ili ajaze karatasi za mtoto wa mwenziwe, hakuomba malipo. Lililo wajibu wetu kwake, sisi tunaojinasibu na elimu, ni kumrejeshea tulichojifunza kutoka kwake. Wakuu wa vyuo na viongozi wa vyama wakutane, waliandike jambo hili kuwa kanuni, na waanze na wanafunzi wa mwaka huu huu.