Treni ya Umeme Yaja Tabora: Wafanyakazi Waitwe Mezani Mapema

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kipande cha reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, kinajengwa. Tunasoma sana habari za kasi na madaraja. Za fundi wa karakana aliyezeeka na vichwa vya dizeli, au za stesheni masta anayejiuliza kama kituo chake kitabaki, hatuzisomi. Menejimenti itawapataje watu hawa upande wake? Naamini jibu hupatikana kabla mpango haujapigwa muhuri. Ukishatangazwa, kinachobaki ni kubembelezana.

Tabora ililijua hili kabla ya reli. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walikuwa watu wa ujira, na ujira huo waliupigania. Tajiri wa pwani au mzungu mwenye bunduki na majora ya merikani hakuweza kutoka Unyanyembe, Tabora ya siku hizo, bila kirangozi, kiongozi wa msafara, naye alikuwa mpagazi mwenyewe, aliyekubalika kwa wenzake. Uzito wa mzigo, kilo 30 hivi, ulibishaniwa kambini kabla ya safari. Posho vilevile. Aliyebadili masharti njiani, akapunguza posho au kurefusha mwendo wa siku, aliamka akakuta mizigo chini na watu wameondoka. Henry Morton Stanley alitumia mjeledi, na bado walimtoroka. Jambo lenye uzito hapa ni nafasi ya kirangozi: alikuwa na haki ya kukataa kwa niaba ya wenzake, na ndiyo maana akisema twendeni, walikwenda.

Sasa tazama mwaka 2007. Serikali iliikabidhi reli ya kati kwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua asilimia 51 ya hisa za kampuni ya reli, TRL, Serikali yenyewe ikibaki na 49. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Wafanyakazi wakagoma zaidi ya mara moja, mishahara ikiwa kiini cha ugomvi. Si haki kuwatupia wao lawama yote: vichwa na mabehewa yalikuwa haba, na mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa 2009 yaliikata njia. Lakini mageuzi yaliyoanza huku watu wa ndani wakiyatilia shaka hayakuwa na akiba ya uvumilivu mambo yalipoharibika. Mwaka 2011 Serikali ilizichukua hisa za RITES.

Wapo mameneja wanaosema mashauriano yanachelewesha kazi. Ni kweli, yanachelewesha. Na hakuna anayedai wafanyakazi wapige kura kuchagua umeme au dizeli. Ila ratiba za zamu, nani aende mafunzoni kwanza, nani ahamishwe na familia yake itasaidiwaje: haya anayajua vizuri zaidi mtu aliyelala stesheni ya Kaliua usiku wa masika. Semina ya siku moja yenye fulana na chakula cha mchana haichukui nafasi ya mazungumzo hayo. Watu hukaa, husaini posho, hurudi nyumbani na wasiwasi uleule.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mara tu wazo linapozaliwa, aweke habari muhimu mezani, na ashauriane kuhusu njia za kuepuka hatua hiyo. Sioni kwa nini moyo wa kifungu hicho usubiri hadi watu waanze kupunguzwa.

Kwa hiyo, wakubwa wa Shirika la Reli, njooni Tabora kipande hiki kikiwa bado kinajengwa. Kaeni na TRAWU, chama cha wafanyakazi wa reli, na wafanyakazi wa karakana, mkiwa na idadi ya nafasi zitakazofutwa na zitakazozaliwa, na mwacheni msemaji wao aseme hapana pale anapoona sababu.