Arjuna Hakuwa Kibarua

Sisi tunaofanya kazi katika maofisi ya Toronto tunazijua semina. Tunakusanywa ukumbini asubuhi, tunapewa kahawa na donati, na anasimama mtu nadhifu kutufundisha namna ya kuwa watu bora. Zamani walitufundisha mambo ya Kijapani. Halafu ikaja zamu ya hekima ya kale ya Bara Hindi. Mwaka 2006 jarida la BusinessWeek la Marekani liliandika jinsi falsafa ya Kihindi ilivyokuwa ikiingia katika vyuo vya biashara, na tangu hapo walimu wa namna hiyo hawajakosa kazi.

Kampuni moja tuliyoifanyia kazi, ambayo hatutaitaja, ilituletea mmoja wao. Akatueleza Bhagavad Gita, sura ya pili: mtu afanye wajibu wake bila kuyaangalia matunda ya kazi yake. Hatuyakejeli maneno hayo. Wengine wetu tumekulia mitaa ya Uhindini, tumecheza gololi na watoto wa wenye maduka, na tunajua kitabu kile kinavyoheshimiwa majumbani mwao. Lakini mwezi haukuisha tukaarifiwa kwamba saa za ziada hazitalipwa tena, ingawa kazi yenyewe ilibaki pale pale. Bonasi za wakubwa zilitoka kama kawaida. Kumbe tulikatazwa kuyaangalia matunda kwa kuwa yalikuwa yameshachumwa!

Hapo ndipo ugomvi wetu na semina hizi unapoanzia. Arjuna alikuwa nani? Alikuwa mwana wa mfalme, bingwa wa upinde, amesimama ndani ya gari la vita katikati ya majeshi mawili, na Krishna mwenyewe ndiye aliyeshika hatamu. Anayeambiwa asitamani matunda ni mkubwa ambaye uamuzi wake utaua watu. Yule aliyewakatia farasi majani hakuitwa kusikiliza. Kulichukua fundisho la mkubwa na kumtwisha kibarua ni kuligeuza miguu juu kichwa chini.

Na Kautilya naye, wanamtaja sana, wanamwita bingwa wa mikakati. Kitabu chake cha Arthashastra kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi hadi kilipopatikana tena Mysore mwaka 1905. Semina hazisemi kwamba ndani yake ameorodhesha njia 40 ambazo maofisa wa hazina wanaweza kuiba. (Si kitabu cha mtakatifu, kimejaa wapelelezi na sumu. Ila kinajua mwizi wa kuogopwa anakaa wapi.)

Tutaambiwa kwamba tunachukia mila za watu. La hasha. Tunasema tu kwamba hekima ikining'inizwa ukutani haimzuii mtu kitu. Kule Hyderabad kulikuwa na kampuni kubwa ya kompyuta iliyoitwa Satyam, neno la Kisanskriti lenye maana ya ukweli. Mwaka 2008 ilipewa tuzo ya uendeshaji bora wa makampuni. Tarehe 7 Januari 2009 mwenyekiti wake, Ramalinga Raju, akaandika barua kukiri kwamba hesabu zilikuwa zimepikwa kwa miaka kadhaa. Zaidi ya rupia bilioni 50 zilizoonyeshwa vitabuni hazikuwepo.

Wala tusiwanyooshee kidole watu wa Hyderabad peke yao, kwa maana na kwetu pwani yalitokea. Kwa miongo mingi ya karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mabhatia kutoka Kutch. Wafanyabiashara wa Kihindu wana desturi ya kufungua vitabu vipya vya hesabu wakati wa Diwali, wakivifanyia ibada na kuandika maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Angalia basi, heri imetangulia. Lakini katika forodha ile ile, pamoja na pembe na karafuu, watumwa nao walitozwa ushuru kwa kichwa, mpaka mkataba wa 1873 ulipoifunga biashara yao ya baharini. Heri ya nani iliandikwa pale?

Sisi wahandisi tukifika kwenye daraja hatuulizi limebarikiwa na nani. Tunauliza linabeba tani ngapi, na nani ametia saini. Hapa Canada, tangu mwaka 1925, wahandisi hula kiapo na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kazi, ili iwe inakwaruza karatasi wanapochora. Wahindi wa zamani nao walikuwa na chombo cha namna hiyo, na jina lake tumelirithi katika Kiswahili: hundi. Mtu aliandika karatasi Zanzibar, mwenzake akalipa Bombay. Asipoiheshimu hundi yake, jina lake limekwisha, na hakuna wa kumkopesha tena. Maadili yale yalikuwa na meno, na yalimng'ata mwenye duka kabla ya mtumishi wake.

Wanaotaka mfano wa karibu zaidi waende Ahmedabad, 1918. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo walidai nyongeza ya asilimia 35, matajiri wakang'ang'ania 20. Miongoni mwa matajiri hao alikuwemo Ambalal Sarabhai, aliyekuwa ameichangia fedha ashram ya Gandhi. Mgomo ulipoanza kulegea kwa njaa, Gandhi hakuwahubiria vibarua wasahau matunda. Alisusa kula yeye mwenyewe mpaka shauri likapelekwa kwa msuluhishi, na msuluhishi akaamua 35.

Siku ile ya semina mwenzetu mmoja, mtu wa Tanga, alinyoosha mkono akauliza kwa adabu kama wakubwa nao wangesomeshwa sura ile ile. Mwalimu akatabasamu. Akasema wao wana semina yao, ya uongozi, mahali pengine.

Tukialikwa tena tutakwenda. Tutakunywa kahawa yao, tutakaa mstari wa mbele, na kabla Gita haijafunguliwa tutaomba tuonyeshwe kitabu cha hesabu cha mwaka uliopita, pamoja na ukurasa wa bonasi.