Baharia asiyehama ni shehena tu

Kaa kijiwe chochote cha Ngamiani, taja ushindani, jibu litakuwa Coastal Union au African Sports. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: klabu zote mbili ni za mitaa hiyo ya barabara za namba, na ubingwa wa Coastal wa 1988 wazee bado wanausimulia kama ulikuwa jana. Lakini teremka Deep Sea, tazama vijana wanavyoendesha vyombo vya tanga. Pale kuna vipaji vya mchezo mwingine ambao Tanga inauacha upotee hivi hivi.

Kinachouangusha ni mazoea. Zikitajwa mbio za ngalawa, ubishi wote ni wa tanga: la nani kubwa, la nani jipya. Halafu wanapakiwa ndugu na marafiki wa mwenye chombo, safari inaanza. Nani akae wapi? Hakuna anayeuliza. Ni sawa na kocha kuingiza watu 11 uwanjani bila kuwapa namba.

Ngalawa ni chombo chembamba kinachoshikiliwa na matengo mawili, moja kila upande. Upepo ukijaza tanga, chombo kinalala, na tengo la upande wa demani linazama. Likizama linaburuza maji, ni breki hiyo. Dawa yake ni mtu kutoka nje juu ya mrengu, upande wa goshi, unakotoka upepo. Hesabu yake ni rahisi: mtu wa kilo 60 akisimama mita 2 nje anafanya kazi ya watu wawili wa uzito huo waliokaa mita 1. Akizidisha, tengo la goshi nalo linazama, breki imehamia upande wa pili. Upepo ukipungua lazima arudi ndani haraka. Baharia asiyehama ni shehena tu.

Kuna na mbele na nyuma. Wakirundikana tezi kupiga soga na nahodha, nyuma inaburuza. Wakijaa omo wakati upepo mkali unasukuma kutoka nyuma, pua inachimba maji. Chombo kisipokaa sawa, nahodha anapigana na usukani, na usukani uliokazwa pembeni nao unapunguza mwendo.

Halafu maji ya ngamani. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na maji hayamsikilizi nahodha: chombo kikilala, nayo yanakimbilia upande ule ule. Wahenga wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye mbio maana yake ni moja, kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kufua maji mwanzo mwisho.

Haya si mambo ya kizungu. Lamu kwenye mbio za mashua, mabaharia wanakaa juu ya ubao uliotokeza nje, na mifuko ya mchanga inahamishwa kila chombo kinapogeuza. Kwenye Olimpiki, boti ya ILCA ina uzito wa kilo 59 hivi, nyepesi kuliko wengi wanaoiendesha, nao wananing'inia nje miguu ikiwa imenaswa kwenye mkanda. Msumbiji, jirani wa kusini mwenye bahari hii hii, alipeleka wanawake kwenye mbio za tanga za Olimpiki ya Tokyo 2020, akiwemo Deizy Nhaquile. Kijana wa Tanga anayetembea juu ya mrengu tangu utotoni amekosa nini? Amekosa kuitwa mwanamichezo.

Wanaosimamia michezo Tanga waanzie hapo. Mbio zikiandaliwa, nahodha apewe siku za mazoezi, achague kikosi kwa kazi na siyo kwa undugu. Idadi ya watu itangazwe mapema ili chombo kisijazwe kama daladala ya jioni. Majaketi ya kuokolea maisha yawe sharti, siyo ombi.

Mkwakwani kocha akipanga vibaya, jukwaa linamzomea na wiki ijayo ana mechi nyingine. Bahari haizomei. Inapindua, na siyo kila aliyepinduka anarudi kucheza marudiano.