Moja Maana Yake Nini? Hoja ya Kutetea Maelezo ya Msimbo

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba tarakimu peke yake haina maana. Akiandikiwa kwamba kikao kitaanza "saa 3", sharti ajue kwanza mwandishi anahesabu kwa saa ipi: inayoanzia alfajiri au inayoanzia katikati ya usiku. Tarakimu ni ileile, lakini tofauti ni saa sita nzima, na anayekosea hukuta ukumbi mtupu.

Utata wa namna hiyohiyo umejaa katika kazi ambayo wengi huiona ndogo: kuandika maelezo ya nyaya za ishara ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta ya leo. Mfano maarufu ni MAME, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na kuwekwa chini ya leseni huria mwaka 2016. Wanaoitunza husema waziwazi kwamba lengo lake ni kuhifadhi kumbukumbu ya jinsi mashine zilivyofanya kazi. Kwamba michezo inachezeka ni matokeo tu ya kazi hiyo kufanywa vema.

Tuchukue prosesa ya 6502, iliyoingia sokoni mwaka 1975 na kutumika katika kompyuta ya Apple II. Ina pini iitwayo IRQ, ambayo kwayo kifaa cha nje huiomba prosesa isitishe kazi yake kwa muda na kukihudumia. Pini hiyo inapokuwa na volti 5, hakuna anayeomba. Ombi huwapo pale volti inaposhuka karibu na sifuri. Wahandisi walikuwa na sababu. Kikinzani kimoja huuweka waya juu, na kifaa chochote kilichounganishwa nao kinaweza kuuvuta chini bila kugombana na vingine. Waya mmoja huwatumikia wengi, nao hurudi juu pale tu wote watakapouachia.

Sasa mwandishi wa emuleta anaandika: "waya wa IRQ ni 1." Je, 1 hiyo ni volti, yaani hakuna ombi? Au ni maana, yaani ombi lipo? Katika MAME, desturi ya kuiarifu prosesa ni ya pili: 1 ina maana kwamba ombi limetolewa, hata kama kwenye pini halisi umeme uko chini. Desturi hiyo ni nzuri, lakini desturi isiyoandikwa ni siri ya wenyeji. Mgeni anayesoma mchoro wa mtengenezaji na kuufuata kwa uaminifu ataandika kinyume chake.

Wapo wanaodai kwamba msimbo mzuri hujieleza wenyewe, na kwamba badiliko linalogusa maelezo tu halistahili muda wa wakaguzi. Siwaungi mkono. Msimbo hueleza programu inafanya nini. Hauelezi ni kitu gani cha ulimwenguni kinachoigwa. Na lipo jambo baya zaidi. Mwandishi mmoja akiigeuza ishara kimakosa upande wa kifaa, na mwingine akaigeuza tena upande wa prosesa, makosa mawili yatafutana. Programu itakwenda, mchezo utachezeka, majaribio yatafaulu, na kumbukumbu itakuwa ya uongo. Kitu kufanya kazi si ushahidi kwamba kimeeleweka.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila waya wa ishara uandikiwe mambo manne. Kwanza, kama thamani yake ni volti au ni maana. Pili, kama kinachosikilizwa ni hali au ni badiliko: katika 6502, IRQ husikilizwa maadamu iko chini, ilhali pini jirani, NMI, husikilizwa pale tu inaposhuka kutoka juu. Tatu, ni vifaa gani vinavyoshiriki waya huo, maana emuleta inayokumbuka neno la mwisho tu itadhani ombi limekwisha kwa kuwa kifaa kimoja kimeuachia, na kumbe kingine bado kimeushikilia. Nne, waya huwa katika hali gani mashine inapowashwa.

Atakayeona haya kuwa ni uchokozi wa wasomi na aukumbuke mwaka 1999, pale Marekani ilipokipoteza chombo cha angani Mars Climate Orbiter. Programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na upande wa pili ukazipokea namba hizo kana kwamba ni za metriki. Hesabu zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya maana ya namba.

Katika emuleta hakuna chombo kitakachoanguka, lakini kipo kitakachopotea. Chipu za miaka ya 1970 zinaharibika, na waliozibuni wanazidi kuzeeka. Itafika siku ambapo maelezo yaliyomo katika msimbo yatakuwa ndiyo shahidi pekee, na shahidi mwenye ndimi mbili hana faida mahakamani.

Kwa mwanafunzi anayetafuta mahali pa kuanzia mchango wake katika programu huria, nasema: usione haya kuanza na sentensi moja inayoondoa utata. Kwa mtumishi wa umma, jambo ni hilohilo. Jalada lililoandikwa "imeshughulikiwa", bila kusema nani alishughulikia nini na kwa amri ipi, ni waya wenye 1 isiyo na maana. Maarifa yanayoishi kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye siku anapostaafu. Anayeyaandika kwa uwazi huwatendea haki watu ambao hatawaona kamwe, na hiyo kwangu ni kazi ya kiraia kama nyingine yoyote.