Chakula Kitangulie Maradhi

Mwezi wa Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa zikiwa na mabaharia waliotaabishwa na kiseyeye, maradhi yanayovimbisha mikono na miguu na kuzikuza fizi hata mgonjwa asiweze kutafuna. Mfalme wa Mombasa, ijapokuwa hakuwaamini wageni wale, wala wao hawakumwamini, aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Na mmoja katika wasafiri aliandika katika daftari ya safari kwamba, kwa rehema ya Mungu, wagonjwa wote walipata afya katika mji huo, kwa kuwa hewa yake ni njema mno. Hewa ya Mombasa ni njema, na hapana mtu wa pwani atakayeikana sifa hiyo; lakini kwa elimu iliyopatikana baadaye twajua kuwa shukrani iliyopewa hewa ilistahili kupewa machungwa.

Ilipita takriban karne mbili na nusu kabla ya jambo hilo kupata ushahidi wa mizani. Mwaka 1747, tabibu James Lind, aliyekuwa akihudumu katika manowari ya Kiingereza, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, akawapa baadhi yao siki, baadhi maji ya bahari, na wengine vitu vinginevyo vilivyosifiwa na matabibu wa zama zile. Wawili tu walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yalikwisha baada ya siku sita, na hao wawili ndio waliowapita wenzao kwa nafuu, mmoja wao akiwa tayari kurejea kazini. Hata hivyo wakuu wa jeshi hilo la maji hawakuagiza maji ya limau yatolewe kwa mabaharia mpaka mwaka 1795, na katika kipindi hicho cha ajizi watu wasiohesabika walizikwa baharini.

Kinachofanya kazi ndani ya chungwa ni vitamini C, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuiumba wenyewe, ilhali bila yake hauwezi kutengeneza sawasawa ile protini iitwayo kolajeni, inayoshikanisha ngozi, mishipa, mifupa na makovu. Hapa ndipo penye siri ambayo aghalabu huifikirii uonapo kidonda kimefunga: kupona si kazi inayofanywa mara moja ikaisha, bali mwili ni kama fundi wa nyumba ya mawe, ambaye kila siku huziba nyufa na kupaka upya, na siku akikosa chokaa hata ukuta aliokwisha kuumaliza huanza kumomonyoka. Katika safari ya jemadari George Anson, iliyoanza mwaka 1740, alikuwamo baharia mzee aliyejeruhiwa vitani miaka 50 nyuma, akapona akasahau; kiseyeye kilipomshika, majeraha yale ya ujanani yalifunguka tena kana kwamba hayakupata kupona kamwe.

Tena iko ibra ya pili, na hiyo nayo ni ya pwani yetu. Da Gama alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi alikaa baharini karibu miezi mitatu, akazika watu 30, na alipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 alimtuma mtu nchi kavu akalete machungwa kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wakiyatamani. Yaliletwa siku ya pili, wakala. Lakini wengi katika wao walifia palepale Malindi, na siku chache baadaye merikebu ya São Rafael ilichomwa moto karibu na Mtangata, kusini mwa Tanga, kwa sababu waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Tunda ni lile lile na pwani ni ile ile. Kilichotofautiana ni wakati. Chakula huuwezesha mwili kujiponya maadamu mwili ungali na nguvu ya kukitumia, na kwa hiyo mahali pake pa haki ni mbele ya maradhi, siku zote, wala si kukimbiliwa roho ikiwa kooni.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi twasikia sauti za vipaza sauti katika vituo vya mabasi na masokoni zikinadi unga wa mlonge, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotiwa chupani, na kuahidi kwamba kijiko asubuhi na kijiko jioni kitaondoa kisukari, shinikizo la damu na kifua kikuu. Mlonge ni mboga njema, na tangawizi hutuliza kichefuchefu. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu anayeviacha vidonge vyake, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa muda wa miezi sita, akategemea chupa ile, huidhulumu nafsi yake na huwaambukiza wa nyumbani mwake. Chakula na dawa ya tabibu havina ugomvi baina yao: dawa humpiga adui, na chakula hujenga alipobomoa. Anayemwambia mgonjwa achague kimoja anamdhulumu, na wenye mamlaka wana wajibu wa kumzuia.

Fauka ya hayo, kile kinachouzwa kwa bei ya ghali chupani kimo jikoni mwetu kwa bei nafuu. Mtazame mama anayejua kupika mchicha wa nazi: huuosha kabla ya kuukata, huupika kwa muda mfupi bila ya kumwaga maji yake, huutia tui, na akiisha kuutoa motoni huukamulia ndimu. Hakusoma kitabu cha lishe, lakini kila tendo lake lina hoja: vitamini C hupotea kwa moto mwingi na kwa maji yanayomwagwa, mafuta ya tui huusaidia mwili kupokea vitamini A, na ndimu husaidia madini ya chuma yaliyomo mbogani yaingie damuni. Akiongeza dagaa au choroko, amemaliza hesabu ya protini ambayo ndiyo nyama ya kila kidonda kinachofunga. Adui wa chakula hicho ni kikombe cha chai ya rangi iliyokolea kinywewacho pamoja nacho, kwa maana chai huzuia chuma; heri isubiri saa moja. Nayo mapera, ambayo watoto huyapopoa na watu wazima huyadharau, yana vitamini C nyingi kuliko machungwa.

Laiti tungalikuwa na akili hiyo tunapokwenda kuwatazama wagonjwa! Saa ya kuwaona wagonjwa hospitalini utaona vikapu vinaingia na chupa za soda, biskuti na maboksi ya juisi yenye sukari kuliko tunda, kwa kuwa ndivyo vitu vinavyoonekana kuwa vya heshima. Na mtu aliyetoka kupasuliwa, ambaye mwili wake unahitaji samaki, maharage na matunda ili kuunga nyama iliyokatwa, hulala amezungukwa na zawadi zisizomfaa. Hadhari inatakiwa, kwani wa kisukari na wa figo wana mipaka yao, na tumbo lililopasuliwa lina siku zake za kusubiri. Hivyo mwuliza muuguzi hakosi. Lakini tusione haya kumpelekea jamaa bakuli la mchuzi wa samaki.

Mwisho, suala hili si la akina mama peke yao, ijapokuwa hotuba zote za lishe huelekezwa kwao. Mpishi hupika kilicholetwa, na katika nyumba nyingi fedha ya sokoni hutoka mkononi mwa mwanamume, ambaye aghalabu huipima kwa jicho la kubana ilhali mkono huohuo hufunguka bila ya hesabu pale anapougua mtoto na teksi ikahitajiwa usiku. Fungu la mchicha, kibaba cha choroko na mapera machache ni gharama ya matibabu iliyolipwa mapema, tena kwa bei ya chini kabisa. Na baba anayeipunguza posho ya jikoni ili apate akiba ajue kwamba akiba hiyo ataipeleka mwenyewe hospitalini, na huko hakuna kupunguziana bei.